Usiku Aliopewa Mwoka Mikate

Mdogo wangu ni mwoka mikate, na mwoka mikate anaishi kinyumenyume. Watu wakivuta mashuka yeye anafunga aproni. Watu wakipiga mswaki yeye anavua viatu. Asubuhi anarudi na unga masikioni, harufu ya hamira inamtangulia mlangoni, nami nikiisikia nikiwa bado kitandani najua amefika mzima. Zamani maisha hayo hayakumsumbua hata kidogo. Alikuwa akijitupa kitandani kama gunia, analala mpaka jua lipoe, na hata ungempigia ngoma sikioni asingegeuka.

Tangu mke wake, wifi yangu, afariki, usingizi huo ulimkimbia. Kulala alilala, lakini kilikuwa kile kiusingizi cha mtu anayesubiri kuitwa. Nilihamia kwao juma lile lile la mazishi, mimi na cherehani yangu, kwa sababu watoto walikuwa wadogo na baba yao alikuwa akibandika chai jikoni na kuisahau mpaka sufuria inaungua. Cherehani nikaiweka barazani, nikawa shangazi wa nyumba. Wala sikuombwa. Nilijiamulia mwenyewe, na kwetu mimi nikishaamua jambo watu huwa wanasogeza viti tu.

Watoto ni wawili. Mkubwa ni binti, ameanza shule juzijuzi, tunamwita Msemaji kwa sababu anajisemea yeye na anamsemea mdogo wake. Huyo mdogo wake ni Kifungo. Jina hilo nilimpa mimi, siku alipomeza kifungo cha koti la mteja wangu na sote tukakaa kukisubiri kwa adabu mpaka kilipotoka. Kifungo haongei sana. Na kwa dada aliyenaye, angeongea saa ngapi?

Sasa, watoto hawa walikuwa wakimwota mama yao. Wenyewe hawakusema wamemwota. Walisema alikuja.

"Mama alikuja jana," Msemaji alikuwa akiniambia huku akikoroga chai yake, kwa sauti ile ile ya kunipa habari za jirani. "Alikaa kitandani kwangu, huku miguuni. Alikuwa anatafuna karanga."

"Karanga," Kifungo alikuwa akithibitisha.

Mara ya kwanza nilitaka kuwakanya, nikashindwa nianzie wapi. Ningewaambia nini? Kwamba hakuja? Walikuwa wameamka na nyuso zimetulia, wamekunywa chai yote. Nikaanza kuwauliza alivaa nini, alisema nini, na wao wakanijibu, na asubuhi zetu zikawa hivyo.

Siku moja baba yao alikuwa amesimama mlangoni, ndio kwanza anarudi kazini, na alisikia.

"Na mimi je?" aliuliza. Alijitahidi iwe kama utani. "Hajaniulizia?"

"Ulikuwa umeenda kazini, Baba," Msemaji akamjibu. "Anakuja usiku, na wewe usiku hupo."

Baba yao alivua viatu. Alikwenda kuoga, akatoka, akanikuta nimeanza kupiga pasi mikono ya koti la harusi la mteja. Tangu mazishi mdogo wangu alikuwa hajamtaja mke wake mbele yangu. Ukimtaja wewe, yeye anaanza kutafuta funguo. Siku hiyo alisimama kando ya meza, akawa anachezea kipande cha chaki yangu.

"Dada," akasema, "mimi sijamwota hata mara moja. Na uso wake unanitoka. Mikono naikumbuka. Sauti naikumbuka. Nikiutafuta uso, inanijia ile picha ya ukutani."

Niliitazama picha. Wifi yangu alikuwa mtu wa kucheka, na mpiga picha alimkataza kucheka, basi akatoka amekakamaa, amekodoa macho, mtu mwingine kabisa.

"Ile picha siyo yeye," nikasema.

"Ndiyo maana nakuambia. Ikibaki hiyo tu, nimempoteza mara ya pili."

Nilitaka kumshika bega, lakini mkono mmoja ulikuwa na pasi na mwingine una koti. Akaenda kulala, au kujilaza. Wala hatukujua kwamba chini ya meza ile, nyuma ya kitambaa kilichoning'inia, wanawe walikuwa wamekaa wanacheza na vipande vyangu vya nguo, na kwamba Msemaji, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amenyamaza.

Katika ua wetu kuna fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti na nondo za madirisha. Kelele zake ndizo saa yetu ya ukutani. Ana barakoa ile kubwa ya kufunika uso, yenye kioo cheusi, na akipumzika huwaachia watoto waivae waangalie jua. Niliwahi kuangalia na mimi, ingawa nilijifanya naikagua. Ua wote unapotea. Jua la adhuhuri linageuka kitu kidogo cha kijani, limetulia, unaweza kulikazia macho utakavyo. Nilikaa humo ndani muda mrefu kuliko heshima yangu inavyoruhusu.

Basi shule zilikuwa zimefungwa. Jua limewaka, mimi nipo barazani na lile koti, baba yao amejilaza chumbani nyuma ya pazia jepesi linaloingiza mchana wote. Nikasikia kelele za fundi zimekatika. Nikajua amekwenda kula. Kisha nikawaona wale wawili wakipita nyuma yangu wananyata, wameibeba ile barakoa katikati yao, huku mmoja na huku mwingine, kwa uangalifu wa watu waliobeba beseni la maji.

"Nyinyi! Mnapeleka wapi kitu cha watu?"

"Kwa Baba," akasema Msemaji.

"Baba amelala."

"Hajalala, Shangazi. Amefumba macho tu."

Alisema kweli, na mimi mtoto akisema kweli huwa napandisha sauti. "Ya nini hiyo, nauliza?"

"Ni zawadi. Tunampa usiku." Akashusha upande wake, akanisogelea aninong'oneze, ingawa mnong'ono wa Msemaji unasikika mpaka barabarani. "Mama anakuja usiku, si ndiyo? Usiku Baba yuko kwenye mikate. Akirudi, usiku umeisha. Kwa hiyo wanapishana. Sasa humu ndani kuna usiku. Tumemwomba fundi, amesema tukae nao mpaka jioni."

"Mpaka jioni," akasema Kifungo.

Mimi nina neno la kila mtu. Nina neno la mteja anayechelewa, nina neno la mwenye nyumba. Nililitafuta neno la watoto wale sikulipata. Moyo ulinilegea, na papo hapo nikaogopa, maana ndoto haiagizwi. Wangemlaza baba yao, wangengoja, naye angeamka mikono mitupu. Na wao, kwa akili zao zile, wasingesema ndoto haikuja. Wangesema Mama aliitwa akakataa.

Nikawaambia wangoje, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Mdogo wangu alikuwa chali, anaangalia dari.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Nani hajasikia?"

"Sasa?"

"Sasa nini, Dada? Nitaivaa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. "Nisikilize. Ukiamka watakuuliza. Hata kama umeona giza tupu, uwaambie umemwona. Umenielewa?"

"Mimi na uongo unatujua."

Namjua. Tangu utotoni akidanganya masikio yanamcheza, na mama yetu alikuwa haulizi swali, anaangalia masikio. "Basi jifunze leo," nikamwambia.

Watoto wakaingia, wakamvisha barakoa akiwa amelala. Alionekana kama geti lililoletwa kutengenezwa. Sauti yake ikatokea mbali huko ndani: "Usiku wenu unanuka chuma." Msemaji akaiinua, akaona alama nyekundu juu ya pua ya baba yake, akamtazama mdogo wake. Kifungo akatikisa kichwa. Usiku ule ulikuwa haumtoshi.

Hapo ndipo nilipofanya ambalo sikupanga. Nilikwenda kwenye cherehani, nikachukua bitana nyeusi ya koti la mteja, kitambaa kizuri, chepesi, cheusi kweli kweli, nikarudi nikaipachika dirishani kwa pini. Chumba kikazama. Kitanda, kabati, mdogo wangu mwenyewe, vyote vikarudi nyuma vikawa vivuli. Hata ubaridi niliuhisi, ingawa ubaridi haukuwepo.

"Wewe Shangazi!" Msemaji akasema kwa pumzi, na sijawahi kusifiwa hivyo kwa nguo yoyote niliyoshona.

Kifungo hakuridhika. Alipanda kwenye kiti, akachomoa pini moja, akaanza kutoboa.

"Hiyo ni ya watu!" nikapiga kelele.

"Nyota," akasema. Kisha, kwa kuwa aliona nimeinua mkono: "Mama ataonaje njia?"

Mkono nikaushusha. Alitoboa hapa, akatoboa pale, ulimi nje, hana haraka. Kila tundu lilipotokea, upande wa pili wa chumba kiduara kidogo cha mwanga kilitua ukutani, kingine kwenye shuka, kingine begani kwa baba yake. Upepo ukigusa kitambaa vyote vinatikisika pamoja. Nilisimama nikiviangalia, nikajiambia kwamba bitana iko ndani ya koti, nani ataiona. Mteja wangu atakwenda harusini amejaa nyota na hatajua.

Msemaji yeye alikuwa tayari yuko uani anatangaza. "Jamani, kwetu ni usiku! Baba analala!" Fundi wa kuchomelea, aliyekwisha rudi kutoka kula, hakuwa na la kupinga, barakoa yake ilikuwa chumbani kwetu, basi akachomoa waya wake, akakaa chini kupanga misumari kimya kimya. Juu yetu anaishi mama mmoja tunayemwita Mama Redio, na sijui nieleze nini zaidi. Redio ile haijawahi kuzimwa tangu nihamie. Wengine tulidhani haina kitufe. Ikazimwa. Mama Redio akachungulia dirishani, jua limemwakia usoni, akainamia ua akasema kwa upole, "Haya, wanangu. Usiku mwema."

"Usiku mwema," fundi akamjibu.

Akabaki jogoo. Jogoo hana adabu, na aliposikia ukimya ule akaona nafasi ndiyo hiyo. Fundi alimkamata kabla hajamaliza kauli, akamfunika kwa tenga, juu ya tenga akatupia gunia. Tulimsikia akiguna humo, kisha naye akakubali.

Ndani, baba yao alikuwa analazwa. Wanawe walimsimamia.

"Umekojoa?"

"Nimekojoa."

"Umepiga mswaki?"

"Asubuhi."

"Asubuhi siyo sasa," akasema Msemaji, na mtu mzima akainuliwa kitandani, akapelekwa kupiga mswaki, akarudishwa. Wakamfunika mpaka kidevuni. Kifungo akampigapiga kifuani, pole pole, jinsi anavyopigwapigwa yeye.

"Usiogope giza. Tuko hapa mlangoni," Msemaji akamwambia. Alifika kizingitini, akakumbuka kitu, akarudi. "Na akija, Baba, usimwambie habari za kazi. Mwambie akae."

Mdogo wangu aligeukia ukutani, akasema ndiyo, lakini ile ndiyo haikutoka vizuri.

Sijui nielezeje mchana uliofuata. Watu waliingia uani, wakaona wengine wanatembea kwa ncha za vidole, wakaanza kutembea hivyo hivyo bila kuuliza. Mwanamke mmoja alikuja kuchota maji, akawa anaelekeza mkondo kwenye ukuta wa ndoo ili yasigonge. Jua lilikuwa kali, nguo zimesimama kwenye kamba, na chini ya jua lile sote tulikuwa tunaishi usiku. Nilianza kupiga miayo. Cherehani sikuigusa, nilishona kwa mkono, nikisikia uzi unavyopita kwenye kitambaa, sauti ambayo sijaisikia tangu nilipokuwa najifunza. Nikamkumbuka wifi yangu alivyokuwa akiniletea vitambaa vya kushona na kusema hana haraka, halafu anarudi kesho yake asubuhi. Nilimkumbuka bila kuumia, na jambo hilo lilinishangaza.

Watoto walitandika mkeka mlangoni kwa baba yao kulinda, wakalinda kidogo, wakalala. Na baada yao, kutoka ndani, nikasikia mkoromo.

Niliacha sindano katikati. Haukuwa ule mguno wa siku zote. Ulikuwa mkoromo wa zamani, mnene, wa mtu aliyekwenda mbali, wenye ule mluzi mwishoni ambao wifi yangu alikuwa akiuiga mbele yetu sote mpaka mwenyewe anaona haya. Mama Redio alichungulia kutoka juu, nikamwonyesha kidole gumba, akaweka mikono kifuani.

Jua likashuka, ukuta ukatia kivuli, na saa ya mdogo wangu kwenda kazini ikawadia. Gari la tanuri la mikate hupita kuwachukua waokaji, na dereva wake anapenda honi kuliko mshahara. Nililiona linakata kona, nikakimbia langoni na koti bado begani, nimenyoosha mikono yote miwili.

"Vipi, Dada?" dereva akasema. "Bwana Unga yuko wapi?"

"Amelala."

"Mwamshe basi, tumechelewa."

"Haamshwi. Kwake sasa hivi ni usiku wa manane. Wachukue wengine kwanza, halafu umpitie."

Aliniangalia, akaliangalia tenga lenye gunia linaloguna, akamwangalia fundi aliyekaa kimya mbele ya geti lisilokwisha. "Huku kwenu mna nini leo?" akauliza, lakini aliuliza kwa sauti ya chini, na akaondoa gari taratibu.

Nilirudi nikasikia kitanda kinalia. Watoto wakashtuka, wakainuka nywele zimesimama, wakaingia mbio. Nikawafuata, nikabaki mlangoni. Nyota zilikuwa zimezimika, maana jua lilikuwa limehama dirisha lile. Mdogo wangu ameketi kitandani, mto umemchora mistari shavuni, anapepesa macho.

"Alikuja?" Msemaji akauliza.

Baba yake alinitazama. Nikamwashiria kwa kichwa, ndiyo, sema ndiyo, jinsi unavyomhimiza mtoto ameze dawa. Akafungua mdomo. Akawaangalia wanawe, yule wa kike na yule wa kiume, wamesimama wameshikana mikono. Akaufunga, akaufungua tena.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nililala tu. Nililala vizuri sana. Lakini sikumwona."

Ningekuwa na pasi mkononi ningemrushia. Msemaji hakulia. Alisimama akaanza kukagua chumba, kitambaa, dirisha, kiti, anatafuta mahali alipokosea.

"Labda nyota zilikuwa chache," akasema.

Nilipiga hatua nimchukue, na kabla sijamfikia, Kifungo alimwachia mkono, akapanda kitandani, akakaa magotini kwa baba yake.

"Alikuja," akasema.

"Ulimwona wewe?" baba yake akamuuliza.

"Nilimwona. Wewe ulikuwa unakoroma." Akafikiri kidogo; hajazoea kuachiwa nafasi yote hiyo. "Mama akasema, mwacheni, amechoka, msimwamshe."

Mdogo wangu alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajajua, na nusu ya njia kikageuka, akawa anacheka na kulia, amemkumbatia mtoto.

"Ndivyo alivyokuwa!" akasema. "Jamani, ndivyo alivyokuwa. Mimi nimelala, yeye anataka kitu kabatini, anaingia viatu ameshika mkononi. Mlango ule unalia, anausemesha, anauambia shh. Nikifumbua jicho moja namkuta amesimama pale pale, mguu mmoja juu, amebana midomo asicheke, mashavu yamejaa, jicho la kushoto limekuwa dogo kuliko..."

Alikuwa anatazama pale kati ya kabati na mlango, karibu nami, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Huyo," akasema taratibu. "Huyo hapo. Namwona."

Watoto wakageuka wakatazama alikotazama. Picha ya ukutani hakuna aliyeikumbuka.

"Amevaa nini?" Msemaji akauliza, sauti imemrudi.

"Gauni lile la kijani. Kanga begani, moja tu, nyingine ameisahau jikoni. Na kitambaa cha kichwa kimeteleza, kama kawaida yake." Akamvuta naye kitandani, akaendelea, na mtu huyu ambaye kwa miezi yote ile ukimtajia mke wake anatafuta funguo, alikuwa hanyamazi. Alieleza meno, akaeleza kovu dogo la nyusi na lilikotoka, na jinsi alivyokuwa akinuna kwa midomo huku macho yanacheka. Wao wanauliza na yeye anajibu.

Honi ikalia langoni. Hakuna aliyeisikia ila mimi. Nikarudisha mlango pole pole, nikavuka ua, nikamwambia dereva asubiri kidogo.

Akaniangalia usoni, akazima gari. "Dada, unalia. Kuna nini ndani?"

"Hakuna kitu," nikamwambia. "Wifi yangu amekuja."